Barua ya Wazi kwa Wauza Dawa wa Bandarini na Stendi

Ndugu zangu wafamasia na watoa dawa mlio jirani na bandari za Dar es Salaam, Tanga, Malindi ya Unguja na Mkoani Pemba, pamoja nanyi wa kandokando ya stendi za mabasi ya mikoani,



Nawaandikia kama abiria. Nimewachagua nyinyi badala ya wizara kwa sababu jambo lenyewe huamuliwa kwenye kaunta zenu, kwa dakika moja au mbili, mteja akiwa na tiketi mkononi na boti imeshaanza kupakia. Anasema, "Nipe vidonge vya kutapika." Mnakata viwili au vinne, mnavitia kwenye kibahasha, analipa, anakimbilia getini. Karatasi ya maelezo imebaki ndani ya boksi lenu, na hakuna aliyeuliza wala kuulizwa kitu.

Ombi langu ni moja. Kabla kidonge hakijatoka mkononi mwenu, mwulizeni mteja: "Leo umetumia pombe au kilevi chochote, au utatumia baadaye?" Tena mliulize swali hilo kwa namna ambayo mtu ataweza kulijibu.

Mengi nitakayoyasema mmeyasoma darasani na mnayajua kuliko mimi. Lakini barua hii ni ya wazi, na abiria wenzangu nao wanaisoma, kwa hiyo mniwie radhi nikiyaeleza tangu mwanzo.

Vidonge tunavyonunua kwa ajili ya bahari na kona za milimani vingi vilianza maisha yake kama dawa za mzio. Mwaka 1947 madaktari Leslie Gay na Paul Carliner, wa Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walikuwa wakijaribu dawa mpya ya mzio. Mgonjwa wao mmoja, mwanamke ambaye kila akipanda tramu alichafukwa na moyo, akawaeleza kwamba akiinywa dawa ile anasafiri bila shida. Mwishoni mwa mwaka huohuo waliijaribu kwa wanajeshi waliokuwa wakivuka Atlantiki ndani ya meli iitwayo General Ballou, kutoka New York kwenda Bremerhaven, Ujerumani, ikafaa. Dawa hiyo ni dimenhidrineti, na mpaka leo inauzwa. Promethazini, ambayo ilitengenezwa Ufaransa katika miaka hiyohiyo ya 1940, nayo ni dawa ya mzio. Saiklizini na sinarizini ni ndugu wa ukoo huo.

Lakini si kila dawa ya mzio inazuia kutapika safarini. Setirizini na loratadini, ambazo watu wengi huzimeza kwa ajili ya mafua ya vumbi, hazisaidii kitu melini. Sababu ni kwamba haziingii ubongoni kwa kiwango cha maana. Kichefuchefu cha safari huzaliwa pale sikio la ndani linapouambia ubongo kwamba mwili unayumba, huku macho yaliyotulia kwenye kiti cha mbele au kwenye simu yakisema mwili umetulia. Dawa inayoweza kuutuliza ugomvi huo ni lazima ifike ubongoni, na ikishafika haiishii kwenye kichefuchefu tu. Inagusa usingizi, umakini, kumbukumbu na wepesi wa viungo. Kwa hiyo usingizi wa promethazini unatokana na kazi ileile iliyotufanya tuinunue.

Mtu mzima mwenye afya, aliyemeza kipimo chake na kukaa kitini, kwa kawaida hana la kuogopa zaidi ya mdomo kukauka na kusinzia. Mashaka yanaanza pale kidonge kinapokutana na kitu kingine kilichofika ubongoni kabla yake, au kitakachofuata saa chache baadaye.

Nianze na pombe, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na kila mtu na haina kosa kisheria. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na kidonge nacho hupunguza. Vikikutana, chupa mbili za bia zinaweza kumfanya mtu kama aliyekunywa nyingi zaidi: anapepesuka ngazini, hakumbuki alikoweka mzigo, au anapitiwa na usingizi mzito kiasi cha kutoamka akitikiswa. Aliyelala hivyo chali akatapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Abiria mwenzake anafikiri amechoka tu, anamfunika kanga.

Hapa kuna jambo ambalo abiria wengi hatulihesabu. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja hutumia kama saa mbili, na sisi tunadhani kazi ya kidonge inakwisha tukishuka gatini. Sivyo. Promethazini huchukua saa nyingi kutoka mwilini. Iliyomezwa asubuhi inaweza kuwa bado ipo usiku. Kijana aliyevuka salama, hakuonja kitu melini, akaenda kwenye sherehe ya ufukweni jioni na kunywa kama alivyozoea, anakunywa juu ya dawa aliyokwisha kuisahau. Vivyo hivyo kwa aliyeshuka basi na kupanda pikipiki yake mwenyewe kumalizia safari. Ndiyo maana swali lenu lazima liguse pia yatakayofuata baada ya kufika.

Na bahari ina hesabu yake. MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 na MV Skagit iliyozama Julai 2012 hazikuzamishwa na vidonge, wala sitaki mtu aelewe hivyo. Ila tangu misiba hiyo kila anayepanda boti anajua kwamba inaweza kufika dakika ambayo abiria atatakiwa kusikia tangazo, kutafuta jaketi la kujiokolea, kulifunga na kutoka. Aliyelewa kwa vitu viwili kwa pamoja hawezi hata mojawapo ya hayo, na mwenye watoto pembeni yake hazami peke yake.

La pili ni zito zaidi: unga (heroini), tramadoli, dawa za kikohozi zenye kodeini, na dawa nyingine zote za jamii ya afyuni. Hizi hupunguza pumzi. Promethazini nayo inaweza kuidhoofisha pumzi. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba isitolewe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu kulikuwa na watoto waliokufa kwa kushindwa kupumua. Nalitaja hilo pia kwa ajili ya akina mama wanaowaombeni kidonge wakikate nusu wampe mtoto mchanga alale safarini. Kama pumzi ya mtoto inaweza kuzimwa na dawa hii peke yake, mtu mzima aliyekwisha kuvuta unga ana sababu ya kuiogopa.

Mchanganyiko huo una historia inayojulikana. Katika jiji la Houston, Marekani, vijana walizoea kunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini na promethazini iliyochanganywa na soda, na mtindo huo ukasambaa kwa njia ya muziki wao. Mwanamuziki Pimp C alikutwa amekufa hotelini huko West Hollywood, California, Desemba 2007. Wachunguzi walitaja athari ya kodeini na promethazini pamoja na tatizo lake la pumzi kukatika usingizini. Mwaka 2014 kampuni ya Actavis iliacha kutengeneza dawa yake ya aina hiyo kwa sababu ya matumizi mabaya. Nigeria nayo, Mei 2018, ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza nchini dawa za kikohozi zenye kodeini. Huko watu waliuchanganya ulevi huo kwa makusudi. Kwenu unaweza kuchanganyika kwa bahati mbaya, mteja akiwa amemeza tramadoli kwa ajili ya mgongo au kwa ajili ya starehe, kisha mkampa promethazini kwa ajili ya bahari.

Tena naloksoni, dawa ambayo hospitali huitumia kumzindua aliyezidiwa na unga, haiondoi athari ya promethazini. Inaifukuza afyuni peke yake. Mgonjwa anaweza kurudishiwa pumzi na bado akabaki kwenye usingizi mzito, na daktari asiyeambiwa kuhusu kidonge cha safari atahangaika kutafuta sababu.

Katika kundi hili kuna mteja ninayetaka mumpokee kwa heshima ya pekee, naye ni yule anayetumia methadoni. Tangu kliniki ya Muhimbili ilipoanza kutoa dawa hiyo mwaka 2011, maelfu ya watu wameacha unga na kurudi kazini na majumbani kwao. Hunywa dozi mbele ya mhudumu wa kliniki, kisha wanaendelea na shughuli zao kama mtu yeyote, ikiwemo kusafiri. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, huongeza usingizi, na huweza kuvuruga mapigo ya moyo ikikutana na baadhi ya dawa, promethazini ikiwemo. Mtu huyu anajua kuficha, kwa sababu amedharauliwa sana. Msipomwuliza kwa upole hatasema, na mkimwuliza kwa dharau ataondoka akanunue duka la pili.

Yupo na mwingine, ambaye kichefuchefu chake hakitokani na safari hata kidogo. Ana arosto. Amekosa unga tangu jana. Anatoka jasho, pua zinamchuruzika, tumbo linamkata, anatapika. Anaomba vidonge vya kutapika kwa sababu ndivyo anavyoweza kuviomba bila aibu. Akivimeza, kisha akaupata unga jioni, vitu viwili vinakutana mwilini mwake bila yeye kukusudia. Mtu wa namna hii anahitaji kuelekezwa kliniki, na nyinyi huenda mkawa wahudumu wa kwanza wa afya kuzungumza naye mwezi mzima.

Bangi na mirungi nitazipitia kwa haraka. Bangi huongeza usingizi na kuchanganya mawazo, huku ikiupeleka moyo mbio. Vidonge hivi navyo huweza kuupeleka moyo mbio na kuchanganya mawazo, hasa kipimo kikizidi. Aidha, baadhi ya watu wanaovuta bangi kila siku kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa kutapika kusikokoma, ambao hupata nafuu kidogo wakioga maji ya moto. Huyo akirudi kwenu mara kwa mara, kidonge hakitamponya. Mwambieni ukweli na mpelekeni kwa daktari. Mirungi, ambayo Kenya inaruhusiwa na kwetu ni kosa, hukesheza watu. Mlaji anaweza asihisi usingizi wa kidonge, akajiona yuko sawa, akaongeza cha pili. Makali ya mirungi yakishuka, vidonge vyote viwili alivyomeza bado vimo. Dereva au utingo ndiye wa kuchungwa zaidi hapa, na kwake jibu liwe moja: anayeendesha asipewe kabisa kidonge cha kusinzisha, awe amekula mirungi au hajala.

Halafu wapo wanaotafuta vidonge hivi ili walewe navyo. Wazee wa pwani wanaujua mmea uitwao mnanaha na wanajua unavyomfanya mtu aongee na watu wasiokuwepo. Ndani ya mnanaha mna hayosini, dawa ileile inayowekwa kwenye viraka vya kubandika nyuma ya sikio ili kuzuia kichefuchefu. Dimenhidrineti ikizidishwa huleta hali kama hiyo: ngozi kavu ya moto, mboni zilizotanuka, mkojo kuziba, kuokota vitu hewani, degedege, na moyo kwenda ovyo mpaka kusimama. Mwaka 2020 mamlaka ileile ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kutoa tahadhari baada ya vijana kushindana mtandaoni kumeza difenhidramini, ambayo ndiyo kiini cha dimenhidrineti. Kijana anayeomba vidonge ishirini kwa safari ya saa mbili ameshawapa jibu kabla hamjamwuliza.

Sasa najua mtakayonijibu, kwa kuwa nimeshayasikia kutoka kwa wenzenu.

Mtasema foleni ni ndefu na boti haimsubiri mtu. Swali lenyewe linachukua pumzi moja kulisema. Muda wa kuhesabu chenji ni mrefu kuliko huo.

Mtasema mteja atadanganya. Wengine watadanganya, hasa Unguja na Pemba, ambako kukiri kwamba umekunywa ni kujivunjia heshima mbele ya waliopanga foleni nyuma yako. Ndiyo maana namna ya kuuliza ina uzito sawa na swali. Usiseme, "Wewe umelewa?" Sema, kwa sauti ya chini, "Dawa hii tunamwuliza kila mtu, kaka: inagombana na pombe, bangi, unga, tramadoli, methadoni na dawa za usingizi. Kama kuna chochote, nitakupa ushauri mwingine." Usimlazimishe kutaja ni kipi, akitikisa kichwa tu inatosha. Hata atakayesema uongo ameshasikia orodha, na huenda akaikumbuka jioni glasi ikiwa mkononi.

Mtasema kwamba dawa za kulevya ni kazi ya polisi na ya mamlaka ya kupambana nazo. Kuzikamata ni kazi yao, ni kweli. Kutomwongezea mtu sumu juu ya sumu ni kazi ya mtoa dawa, na mteja akihisi kwamba jibu lake litamfikia askari, hakuna atakayewajibu tena. Linalosemwa kwenye kaunta libaki kwenye kaunta.

Na mtasema kwamba mkimnyima kidonge mtafukuza biashara. Kumnyima si lazima kuwe mwisho wa mazungumzo. Mpeni mbadala: akae katikati ya boti, sakafu ya chini, ambako kuyumba ni kidogo, au mbele ya basi, karibu na dirisha. Atazame mbali, kwenye upeo wa bahari au barabara iliyo mbele, aache simu. Ale kidogo kabla ya safari badala ya kupanda na tumbo tupu au lililojaa pomoni. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, nayo haimlevyi mtu. Mpeni na mfuko. Kutapika kunaudhi na kunafedhehesha, lakini abiria anayetapika akiwa na akili zake anafika.

Zaidi ya swali, kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wenu kuanzia leo. Kwanza, andikeni kwenye kibahasha jina la dawa, kipimo chake, saa iliyotolewa, na maneno "Usitumie na pombe wala kilevi mpaka kesho." Kalamu mnayo. Kibahasha hicho kikikutwa mfukoni mwa mtu aliyezimia, daktari atakuwa ameshajua nusu ya habari. Pili, msitoe vidonge zaidi ya safari inavyohitaji. Tatu, mfundisheni kila mnayemwuzia dalili za hatari kwa sentensi moja: akiona mwenzake hazinduki, anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, anapumua kwa kusitasita, midomo inabadilika rangi, au anaona visivyoonekana, asimwache "alale pombe ziishe." Amlaze ubavu, abaki naye, awaite wahudumu wa boti au kondakta, na amwambie daktari kila alichotumia, kilichoruhusiwa na kisichoruhusiwa.

Baraza la Famasi, na wanaosimamia maduka ya dawa muhimu, barua hii mtaisoma pia. Mpango wa maduka hayo ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003, wazo lilikuwa kwamba mtu wa kawaida, mbali na hospitali, apate dawa sahihi kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Abiria wa saa kumi na mbili asubuhi ni mtu huyohuyo. Swali hili lingeingizwa kwenye mafunzo ya watoa dawa, na bango dogo likabandikwa kwenye maduka ya bandarini na stendi, muuzaji asingeonekana mchimbaji wa siri za watu. Angekuwa anafuata utaratibu.

Lakini msingoje bango. Upepo wa kusi unaanza kuvuma tangu Aprili, na mkondo wa Nungwi kuelekea Pemba hauna mzaha katika miezi ile. Wateja wa vidonge watakuwa wengi. Anzeni na foleni ya kesho asubuhi. Na mimi nikifika kwenye kaunta yenu, msinipite kwa kuwa naonekana mtu mzima wa heshima zake. Niulizeni kama mtakavyowauliza wengine, nami nitawajibu.

Wenu katika safari,

Abiria wa boti na mabasi
Dar es Salaam